Mandolini ya umeme: nyuzi nne, tano au nane? Fundi anangoja jibu

Mando_Barani (Malindi) anauliza:

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Naomba ushauri wa watu wanaopiga vyombo vya nyuzi, maana hapa nilipo kila ninayemuuliza ana lake.

Napiga mandolini ile ya kawaida, nyuzi nane kwa jozi nne, G D A E kutoka chini kwenda juu. Tuko na kikundi kidogo cha taarab, harusi zetu ni hapa Malindi, Mambrui na Watamu, halafu jioni nyingine naitwa hotelini napiga na jamaa wa gitaa na huko wageni wengi ni Wataliano, watu ambao mandolini wamezaliwa wameikuta kwao, wanataka zile za Napoli. Kazi zenyewe mbili hazifanani hata kidogo lakini zote ndizo zinazonilisha.

Tatizo liko harusini. Chombo changu kina tumbo wazi na pikapu ya piezo (kidude cha kunasa sauti) ya kubandika, sasa kinanda na mashine ya ngoma zikishapandishwa mimi nikijaribu kuzifuata spika inapiga mluzi, nikishuka sisikiki kabisa, kina mama wanacheza hawajui kama kuna mandolini jukwaani. Nimejaza sponji kwenye tundu, nimehama mbele ya spika, inapoa kidogo halafu inarudi palepale.

Sasa nimempata fundi wa mbao mwenye mkono safi, ameshaunda gitaa la umeme na likapigika, amekubali kuniundia mandolini ya umeme ya mbao nzima bila tumbo. Swali lake la kwanza ndilo limenikwamisha: nyuzi ngapi? Anasema hakati kichwa wala shingo mpaka nimwambie, kwa sababu upana wa shingo, idadi ya funguo za kukazia nyuzi, briji inayobeba nyuzi na pikapu vyote vinafuata hapo. Nimeona kuna za nne, moja moja bila jozi, kuna za tano ambazo zinaongeza C ya chini, kuna nane kama kawaida na kuna hata za kumi. Nipeni sababu jamani, msiniambie tu "chukua hii", nataka kujua nikichagua moja ninapoteza nini.


Udi_Langoni (Lamu):

Waleikum salaam mwanangu. Mimi ni mtu wa udi lakini mandolini nimekaa nayo jukwaani miaka na miaka, kwa hivyo nitasema ninaloliona.

Kwa taarab chukua nyuzi moja moja. Nne au tano hilo mtaamua wewe na fundi, lakini jozi ziache. Sababu yangu ni moya na ni kubwa, ni zile sauti za katikati. Wayuwa maqam (mpango wa sauti) ya rast, sauti yake ya tatu haiko kwenye kinanda, ukianzia C basi si E wala si ile nyeusi iliyo chini ya E, iko baina yao. Bayati nayo sauti yake ya pili ni hivyohivyo. Sisi wa udi hatuna taabu kwa sababu shingo ya udi haina freti, vile vyuma vilivyolala shingoni, unaweka kidole pale sikio linapotaka, na fidla kadhalika. Mandolini ina freti na freti imeshakuamulia. Ndia iliyobaki ni kuubana uzi kwenye freti ya chini yake kisha unausukuma upande kwa kidole mpaka sauti ipande robo. Uzi mmoja unasukumika vizuri na unatulia pale unapoutaka. Jozi ukiisukuma nyuzi mbili hazipandi sawa, mmoja unatangulia mwingine unabaki nyuma, na badala ya rast unapata sauti mbili zinazogombana, na kwa umeme ugomvi wenyewe unasikika mpaka nje ya hema.

Mtu atasema mbona udi una jozi. Naam, udi mwingi una jozi tano na uzi mmoja wa besi peke yake, jumla kumi na moya, lakini narudia, hakuna freti, kidole kinahama hakisukumi, kwa hivyo jozi inakwenda pamoja. Msikilize marehemu Zein l'Abdin, huyu mwana wa Lamu, kanda zake zipo. Sikiliza anavyoingia kwenye sauti kwa kuteleza kutoka chini, kisha chukua mandolini yako ya nane ujaribu kumfuata. Yambo lenyewe litakuonekania hapohapo kwenye vidole.

Ila jiulize na hili. Kama kinanda chenu ni kile cha kawaida ambacho hakitoi robo toni, basi huenda hizo sauti mlishaziacha kitambo na neno langu linapungua uzito kwako.


Jozi_Nane (Malindi):

Shikamoo mzee Langoni. Nakuheshimu sana lakini hapa nitakupinga.

Mandolini bila jozi ni gitaa dogo. Nasema hivyo kwa moyo mmoja. Ile sauti mtu anayoisikia kutoka barabarani akasema "kuna mandolini inapigwa pale" inatoka kwenye jozi, kwa sababu nyuzi mbili zilizotyuniwa pamoja haziwi sawasawa asilimia mia, moja ikiwa 440 na mwenzake 441 kuna wimbi dogo linapanda na kushuka mara moja kila sekunde, na piki (kile kibapa cha kupigia) nayo haizigusi kwa wakati mmoja, inagusa huu halafu huu. Ndio ule mmeto. Ukifanya tremolo, yaani piki inakwenda chini juu chini juu haraka, jozi inajaza nafasi zote na sauti inatoka kama uzi mmoja mrefu usiokatika. Uzi mmoja ukiutremolo unasikia piki tak-tak-tak, hasa kwenye E ya juu ambayo ni nyembamba, kwa umeme inakuwa kama inachoma sikio.

Najua kuna watakaosema nunua pedali ya korasi. Korasi inachukua mlio mmoja inauongeza kivuli chake, lakini kivuli kinatembea kwa mashine, kinazunguka vilevile mwanzo mpaka mwisho hata ukipiga polepole au kwa hasira. Jozi inafuata mkono wako. Wewe una Wataliano mbele yako, hao utawapa korasi?

Na wala si kwamba umeme na nane havipatani. Kampuni ya Gibson walitoa ya umeme ya mbao nzima yenye nyuzi nane tangu miaka ya 1950, iliitwa Florentine, na watu wamezipiga mpaka leo. Umeme hauna neno na jozi, mradi uache sauti safi, usiweke distoshoni, ile ya kukwaruza sauti. Distoshoni juu ya jozi ndiyo inayoleta matope.

Hasara ya nane naijua, ni kutyuni. Kwenye joto la hapa kwetu halafu unaingia ukumbi wenye eyasii, funguo nane hazikupi raha. Lakini ni kazi ya mwanamuziki hiyo.


Mando_Barani (Malindi):

Shukran sana nyote wawili, tayari mumenipa mambo ambayo sikuyafikiria. Wacha nijibu maswali ili picha ikae sawa.

Mzee Langoni, kinanda chetu ni kile cha mtindo wa Kiarabu, kina vibonyezo vya kushusha sauti robo, na mpigaji wetu anavitumia vizuri. Rast tunapiga, bayati tunapiga sana. Mpaka sasa kwenye zile sauti mimi huwa naziruka au nanyamaza, namwachia mtu wa fidla. Inaniuma kwa sababu ndipo wimbo wenyewe unapokolea.

Jozi_Nane nimekuelewa kabisa kuhusu hoteli. Lakini hotelini sina shida ya kelele, ile yangu ya zamani ya tumbo inatosha na hakuna mluzi. Hii mpya ni ya harusi hasa.

Kuna kingine sikukisema. Mwimbaji wetu mama ana sauti nzito ya chini, mashairi mengi anayashusha, na mimi nikitaka kumjibu palepale alipo nafika kwenye G wazi naishiwa, inabidi niruke juu oktavu moja na jawabu linakuwa linatoka mbali. Ndio maana ile ya tano yenye C imenikaa kichwani. Je hiyo C inalia kweli kwenye chombo kifupi hivi au ni ya kujazia tu? Na nyuzi zake zinapatikana wapi, maana hata za mandolini ya kawaida hapa ni za kuagizia, zinakuja na basi kutoka Mombasa kama zipo na mara nyingi hazipo.


Fundi_Waya (Lamu):

Nimesoma tangu juu na hapa ndipo penye kazi yangu, natengeneza ampu na gitaa za watu wa visiwani, nimeshika mandolini za aina zote isipokuwa ya kumi. Nitaandika refu kidogo mnivumilie.

Kwanza ujue kila idadi imetoka kwa watu waliokuwa na haja yao. Kampuni ya Fender walipotoa mandolini yao ya umeme 1956 waliweka nyuzi nne tu, moja moja, na waliitengeneza mpaka miaka ya 1970. Paul Bigsby kule Marekani alimuundia Tiny Moore ya nyuzi tano mwanzoni mwa miaka ya 1950, na huyu alikuwa kwenye bendi kubwa ya dansi ya Bob Wills, anapiga solo katikati ya fidla na gitaa za umeme, anataka kusikika na anataka kushuka chini, yaani haja yako hiihii. Brazili, mji wa Salvador kule Bahia, wakina Dodô na Osmar walianza na chombo cha mbao nzima cha nyuzi nne ili wapige juu ya gari wakati wa kanivali bila spika kupiga mluzi, baadaye Armandinho mtoto wa Osmar akaongeza uzi wa tano. Halafu kuna U. Srinivas wa India Kusini, aliyefariki 2014, huyu ndiye ningekwambia umsikilize usiku na mchana. Alipiga muziki wa Karnatiki kwa mandolini ya umeme ya nyuzi tano moja moja, muziki ambao sauti haikai mahali pamoja, kila sauti inatikiswa na kuvutwa. Na chombo kina freti! Anasukuma uzi, anateleza, mpaka unasahau freti. Angekuwa na jozi asingeweza. Kwa hiyo neno la mzee Langoni juu ya robo toni lina shahidi mkubwa sana duniani.

Mnaona wenyewe, wale waliokuwa na jukwaa la kelele na haja ya kuvuta sauti wote wameishia kwenye nyuzi moja moja. Na kuna sababu ya ufundi. Tremolo kwenye mandolini ya tumbo ni ya kupambana na kitu kimoja, uzi mfupi sauti yake inakufa haraka, inabidi uupige tena na tena. Mbao nzima na ampu vinashikilia sauti muda mrefu zaidi kwa hivyo uzi mmoja unapiga mara moja na unakaa, kama mwimbaji anavyoshika pumzi. Hutakuwa na ule mmeto wa jozi, hilo Jozi_Nane kasema kweli tupu, lakini utapata sauti inayoimba.

Sasa nyuzi. Hapa ndipo wengi wanapoumia bure. Usitafute pakiti za mandolini kabisa. Kwanza nyingi ni za shaba nyeupe na shaba nyekundu kwa ajili ya chombo cha tumbo, pikapu ya sumaku inasikia chuma tu, zile za chini zinatoka dhaifu na za juu zinapiga kelele, huwezi kuziweka sawa. Pili mwisho wake ni kitanzi, si kile kitufe cha nyuzi za gitaa. Chukua pakiti ya gitaa la umeme ya 10-46, ile ya kawaida inayouzwa kila duka la vyombo. Ndani una nyuzi za unene wa 10, 13, 17, 26, 36, 46. Weka 10 iwe E, 13 iwe A, 26 iwe D, 36 iwe G, na ile 17 iache kando. 46 inabaki kuwa C. Pakiti moja chombo kizima cha nyuzi tano! Ukitaka nane utahitaji pakiti mbili kila mara unapobadilisha, na chumvi ya huku kwetu haikuachi uziweke muda mrefu, ukimaliza kupiga futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake. A ukiiona imelegea kidogo nunua 14 ya peke yake.

Kuhusu C, inalia kweli? Kwenye shingo ya kawaida ya sentimita 35 hivi hiyo 46 italegea, ukiipiga kwa nguvu inapiga kelele kwenye freti na sauti inapanda kwanza halafu ndio inashuka mahali pake. Dawa ni uzi mnene, 50 au 52, unauzwa mmojammoja au unautoa kwenye pakiti nzito, na shingo kuongezwa kidogo. Usimruhusu fundi aiongeze sana kwa ajili ya C, maana E ya juu nayo inavutwa, ukifika sentimita 38 unacheza na uzi unaokatika katikati ya wimbo. 36 inatosha.

Kabla ya yote fanya jaribio la bure. Chukua hiyohiyo mandolini yako ya nane, toa uzi mmoja kwenye kila jozi, ubaki na nne. Toa mmoja mmoja, usifungue zote kwa pamoja kwa sababu briji ya chombo chako imekalia mvuto wa nyuzi tu, haikugundishwa, ikihama tyuni yote inaharibika. Mvuto ukipungua nusu shingo inaweza kunyooka kidogo na nyuzi zikagusa freti, ni kawaida. Piga hivyo mazoezini na kikundi, piga hizo bayati unazoziruka. Vidole vyako vitakwambia kabla hujampa fundi hela.


Binti_wa_Fidla (Lamu, Mkomani):

Salaam kwa wote. Mimi ni fidla, na mwaka huu nimeanza na viola kwa hivyo hii ya C naiishi kila siku, niongeze kidogo.

Fidla na mandolini tyuni ni ile ile, G D A E. Viola ni C G D A. Mandolini ya tano ni hizo mbili zimeunganishwa kwenye shingo moja, C G D A E. Uzuri wake ni kwamba umbali baina ya uzi na uzi haubadiliki, kila uzi uko sauti ya tano kutoka kwa mwenzake, kwa hivyo chochote ulichokijua kwenye G na D unakihamisha kwenye C na G bila kujifunza upya. Hiyo ni tofauti na gitaa ambapo baina ya uzi wa pili na wa tatu mpango unavunjika. Kaka Mando, majibu yako kwa yule mama utayapiga kwa vidole vilevile ila uzi mmoja chini.

Kinachosumbua mwanzo ni mkono wa kulia. Umezoea ukishuka mpaka mwisho ni G, piki inasimama hapo bila kufikiri. Sasa kuna uzi mwingine chini yake na utaugusa bila kutaka, unalia chini kwa chini wakati unapiga kitu kingine, na kwenye ampu kubwa huo mngurumo unaharibu wimbo mzima. Jifunze kuuzima kwa ubavu wa kiganja. Inachukua mazoezi lakini inazoeleka.

Na kodi pia, yaani sauti kadhaa zikipigwa kwa pamoja. Kwenye nne ukibana kodi unapata sauti nne safi. Kwenye tano usijaribu kubana zote kila mara, C ikiingia chini ya kodi inaelemea na inagombana na besi ya kinanda. Mimi ningeitumia C kwa kujibu na kwa solo, kodi zibaki juu kwenye nyuzi nne.

Hizo za kumi, yule Hamilton de Holanda wa Brazili anapiga ya nyuzi kumi, jozi tano, lakini ni ya tumbo na anapiga peke yake mambo ya ajabu, kodi na besi na wimbo kwa pamoja. Kwa harusi yenye kinanda na mashine ya ngoma sioni kazi yake. Funguo kumi kwenye unyevu huu hapana.

Kitu kimoja nataka kuuliza Fundi_Waya, kuna uwezekano wa kuongeza freti za robo toni? Kwenye saz ya Waturuki nimeziona.


Fundi_Waya (Lamu):

Binti umeuliza la maana. Inawezekana, saz inazo, lakini shingo ya saz ni ndefu na nafasi ipo. Mandolini freti zimekaa karibukaribu, juu ya freti ya kumi hakuna pa kuingiza kidole kama kuna nyingine katikati. Mtu anaweza kuongeza mbili tatu tu sehemu za chini kwa ajili ya rast ya kuanzia sauti fulani, lakini mwimbaji akihamisha wimbo umeshakwama, na yule mama wa Mando anashusha kila mara. Kusukuma uzi kunakwenda popote.


Jozi_Nane (Malindi):

Kwa kuwa ile ya tumbo inabaki kwa ajili ya hoteli, mimi sipingi tena hii ya harusi iwe moja moja. Nilidhani unataka chombo kimoja cha kazi zote na hapo nane ingeshinda. Lakini naomba usiache tremolo kwenye hiyo mpya, tumia piki nene yenye ncha ya duara na upige mbali kidogo na briji, ile tak-tak inapungua sana.

Na kwa nini asichukue nne tu? Tano inapanua shingo, na raha ya mandolini ni shingo nyembamba inayokaa kiganjani.


Mando_Barani (Malindi):

Nimerudi na habari. Nilifanya lile jaribio la kutoa nyuzi, mmoja mmoja kama nilivyoambiwa, tukafanya mazoezi nyumbani kwa mtu wa kinanda, ampu ndogo.

Bayati. Wallahi sijui niseme nini. Ile sauti ya pili niliibana chini yake nikaisukuma, kinanda kimeshikilia yake, nikawa nasikia zangu zinapanda polepole mpaka zikakutana na zake zikatulia, mtu wa fidla akageuka akaniangalia. Nilirudia hapohapo mpaka wenzangu wakanikataza. Kidole cha tatu kinauma lakini najua sasa kwamba jozi sizitaki kwenye hii mpya.

Kilichopungua ni kile alichosema Jozi_Nane, E ya juu ikawa kali na kavu. Nimejaribu piki nene, kweli inasaidia, na nikapunguza treble (sauti za juu) kwenye ampu.

Kuhusu nne au tano, jaribio halinipi jibu kwa sababu C sina. Lakini kila yule mama alipoimba nilijikuta mkono unakwenda chini ya G unatafuta. Naelekea tano. Nauliza tu hilo la shingo, je itakuwa pana kiasi cha kunisumbua?


Udi_Langoni (Lamu):

Nimefurahi mwanangu. Hiyo sauti uliyoipata usiizoee kwa macho, izoee kwa sikio, kwa maana robo ya bayati hapa kwetu haikai mahali pamoja kwa kila mwimbaji, mwingine huishusha zaidi akiwa anateremka kuliko akipanda. Mfuate mwimbaji wako, kinanda kitakufuateni. Na C ichukue, jawabu la sauti nzito hujibiwa chini.


Fundi_Waya (Lamu):

Shingo haitakusumbua. Nane ya kawaida pale juu kwenye kokwa (kipande kinachoshika nyuzi karibu na kichwa) ina upana wa milimita 28 mpaka 30 na inabeba nyuzi nane. Tano moja moja mwambie fundi aende 34 hivi, nafasi ya milimita 7 baina ya uzi na uzi, ukingoni abakishe milimita 3 kila upande ili uzi wa E usitoke nje ya freti unapousukuma. Hii ya ukingoni ni muhimu sana kwako kwa sababu wewe utasukuma kila wimbo. Na tano ina faida nyingine, ukichoka na C unaitoa unabaki na nne, lakini nne huwezi kuiongezea.

Pikapu usinunue ya gitaa yenye vichwa sita vya sumaku, nafasi zake hazilingani na nyuzi zako tano na uzi ukisukumwa unatoka juu ya kichwa chake sauti inazama. Tafuta ile yenye bapa moja refu la chuma, inasikia uzi popote ulipo. Tena iwe ya koili mbili (mafungu mawili ya waya wa kuzungushwa), kwa sababu kwenye harusi za jenereta na zile taa za rangi koili moja inanguruma usiku kucha. Fundi achimbe nafasi ya pikapu baada ya briji kukaa, si kabla, na ndani ya shimo abandike karatasi ya alumini au ya shaba yote iungwe na waya wa ardhi. Kisha waya mmoja utoke hapo upite chini ya mbao mpaka kwenye briji uguse chuma chake. Mafundi wa mbao wengi huusahau huo waya, halafu chombo kinanguruma hata ukiwa umeshika nyuzi, na kuupitisha baada ya rangi kukauka ni kutoboa upya. Mwambie leo kabla hajaanza kukata, na picha ya mpango wake ukiipata iweke hapa niiangalie.